Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Neno "msimu" lina safari ndefu. Limetokana na neno la Kiarabu mausim, lenye maana ya wakati maalumu unaorejea kila mwaka; na neno hilohilo, kwa kupitia vinywa vya Wareno, ndilo lililozaa neno la Kiingereza monsoon. Kwa hivyo Mswahili anayeketi katika darasa la ng'ambo na kumsikia mwalimu akizitaja pepo za Bahari ya Hindi, huwa amesikia jina la jamaa yake wa siku nyingi aliyerudi amevaa nguo za kigeni. Ndivyo ilivyomtokea binti mmoja wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, aliyepata nafasi ya kusomea sayansi ya angahewa na sayari katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa herufi tatu za MIT, katika mji wa Cambridge, ng'ambo ya mto Charles unaoutenga mji huo na Boston.

Watu wa nyumbani hawakulielewa vyema jambo alilokwenda kulisomea. Udaktari waliujua, sheria waliijua, uhasibu pia waliujua. Lakini upepo, walisema, haujapata kuwa somo. Upepo huvuma tu, na mwenye macho huutazama. Ni ami yake peke yake, nahodha mstaafu wa jahazi, aliyelichukua jambo lile kwa uzito. Alimuuliza swali moja: "Na ukisharudi, mwanangu, utaweza kutuambia siku?"

Hakusema siku gani, wala hapakuwa na haja ya kusema. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa vyombo na wavuvi, na watu wake wanajua bahari ikichukua huchukua namna gani. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilipinduka katika bahari iliyochafuka karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu wengi walipotea. Binti huyo alikuwa bado mtoto wa skuli. Asubuhi ya siku kama ile jua hutoka kama kawaida, na abiria hupanda chombo huku wakizungumza mambo ya harusi na biashara. Swali la ami yake lilikuwa ni hilo: katika siku zote za kusi, ni ipi?

Si kwamba ami alikuwa mjinga wa mambo ya hewa. Alijua kuwa kaskazi huingia mwisho wa mwaka na kuvuma hadi Machi, nayo ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kwamba kusi huanza baada ya hapo na kuyarudisha. Kwamba baina ya pepo hizo mbili zipo maleleji, wakati bahari inapotulia na upepo haujui uelekee wapi. Kwamba masika hufuata jua likielekea kaskazini, na vuli likirudi. Aliwahi kuwasikia wazee wakiuhisabu mwaka kwa miongo, kumi baada ya kumi tangu siku ya Nairuzi, na kila mwongo ukiwa na hukumu zake za kulima na kusafiri. Elimu hiyo ilikuwa na mabingwa wake. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar katika pwani ya Ghuba, aliitia sehemu kubwa ya ujuzi wake wa bahari katika tungo zenye vina, na mojawapo inaieleza njia ya kufika Sofala kwa kuipita pwani ya Waswahili. Alikuwa na sababu ya kutunga. Karatasi ikilowa huharibika, lakini ubeti uliohifadhiwa moyoni haulowi.

Idara ya masomo aliyoingia binti huyo imo katika jengo refu la saruji la ghorofa 21, lililokamilika mwaka 1964. Mwaka 1983 chuo kiliunganisha wataalamu wa ardhi na sayari pamoja na wale wa hali ya hewa na bahari, wakawa idara moja. Mchanganyiko huo humshangaza mgeni. Mtu anayepima mawingu ya Boston ana mazungumzo gani na mtu anayechunguza vumbi la Mirihi? Jawabu alilipata si katika kitabu bali katika chungu cha maji.

Katika idara hiyo walimu wamezoea kufundisha kwa meza inayozunguka. Huweka juu yake chombo kipana cha maji, na katikati yake mkebe wenye barafu, kisha huizungusha meza polepole na kudondoshea rangi. Chombo kikiwa kimetulia, rangi hutawanyika ovyo kama maziwa katika chai. Kikizunguka, maji hupata tabia nyengine kabisa: rangi husimama kama mapazia, hujikunja, huviringika, na baina ya ubaridi wa katikati na joto la pembeni huzuka mizunguko ileile inayoonekana katika picha za satelaiti juu ya Ulaya na Marekani. Katika chombo kile hamna mlima, hamna msitu wala bahari. Mna maji, mna tofauti ya joto, na mna mzunguko. Hayo matatu yanatosha kuanzisha hali ya hewa. Na kwa kuwa kila sayari yenye hewa ina joto lake na mzunguko wake, basi kila sayari ni chungu kimoja katika vyungu vingi vya mfinyanzi mmoja.

Hapo ndipo majina aliyoyajua tangu utotoni, kutoka katika falaki ya wazee, yalipoanza kupata miili. Zuhura, nyota ya asubuhi inayosifiwa kwa uzuri, hujizungusha mara moja tu kwa siku 243 za dunia, ilhali mawingu yake huizunguka kwa muda wa siku nne hivi. Hewa yake karibu yote ni ya ukaa, na joto la ardhi yake hufika kiasi cha digrii 460, linaloweza kuyeyusha risasi. Mirihi nayo ina hewa nyepesi isiyofika hata sehemu moja katika mia ya hewa ya dunia. Hata hivyo chombo cha Mariner 9 kilipoifikia mwezi wa Novemba 1971 kiliikuta imefunikwa na tufani la vumbi takriban sayari nzima, na ikabidi kusubiri vumbi litue ndipo picha zipigwe. Na katika Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, chombo cha Huygens kilitua tarehe 14 Januari 2005 na kutuma picha za njia za mito na mawe yaliyosuguliwa yakawa mviringo. Mawe hayo ni ya barafu, na kilichoyasugua si maji bali methani, ambayo katika baridi ile huwa majimaji na kunyesha kama mvua. Kumbe masika yanaweza kuwepo pahala ambapo hakuna hata tone la maji ya kunywa. Mwanafunzi anayeyasoma hayo hujifunza kuitazama dunia kama mgeni, na kuona kuwa upole wa hewa yake si jambo la lazima.

Mwaka wa pili ulikuja na ugumu. Milinganyo ya mwendo wa hewa ni migumu mno kutatuliwa ilivyo, kwa hivyo wataalamu huirahisisha kwa kuacha yaliyo madogo na kubakisha yaliyo makubwa. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mzunguko wa dunia huupinda upepo kwa nguvu hata ukavuma kandokando ya mistari ya mgandamizo wa hewa badala ya kuikata. Mtabiri wa Boston akipewa ramani ya mgandamizo tu, anaweza kuusoma upepo humo kama mtu asomaye barua. Juu ya msingi wa kurahisisha namna hiyo ndipo Jule Charney, aliyekuja kuwa mwalimu katika chuo hichohicho mwaka 1956, alipojenga nadharia zake. Na mwaka 1950 yeye na wenzake walitumia kompyuta ya ENIAC kufanya utabiri wa mwanzo wa hali ya hewa kwa hisabu za mashine. Utabiri wa saa 24 uliwachukua karibu saa 24 kuuhisabu.

Lakini nguvu hiyo ya kupinda, inayoitwa kwa jina la Mfaransa Coriolis aliyeieleza mwaka 1835, hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na katika ikweta yenyewe haiupindi tena upepo kuume wala kushoto. Boston ipo katika digrii 42 kaskazini. Nungwi ipo chini ya digrii 6 kusini. Binti alikaa usiku mmoja akahisabu, akaona kuwa nguvu hiyo nyumbani kwao haifiki sehemu moja katika sita ya ile ya mji aliomo. Ramani ambayo Boston ni barua, Nungwi ni karatasi yenye maandishi yaliyofifia. Mvua ya huko haiji kwa mizunguko mikubwa inayotembea kwa nidhamu kutoka magharibi; huzuka kwa joto la ardhi, kwa umande wa asubuhi kupambana na upepo wa bahari wa mchana, kwa wingu moja kulisukuma jengine. Juu ya hayo, Afrika ina vituo vichache vya kurusha puto za kupimia hewa ya juu kuliko Ulaya, na hisabu bila ya vipimo ni jahazi bila ya ngarawa za kuteremshia shehena.

Wazee wana methali: usisafirie nyota ya mwenzio. Alikuwa ameisikia mara nyingi ikitumiwa katika mambo ya ndoa na biashara, kwa maana kwamba bahati ya mtu si bahati ya mwengine. Sasa aliisikia kama ilivyokuwa kabla haijawa methali, yaani maneno ya nahodha. Nyota inayomfaa aliye Basra haimfai aliye Kilwa, kwa kuwa haisimami pahala pamoja angani. Na mlinganyo uliorahisishwa kwa ajili ya Boston, ingawa ni wa kweli huko, haumpeleki mtu Nungwi.

Si kwamba bahari yake ilikuwa haijatazamwa na wasomi. Edmond Halley, yule mwenye nyota ya mkia, alichora mwaka 1686 ramani ya pepo za bahari kuu akiwemo kaskazi na kusi, na akasema kuwa chanzo chake ni joto la jua. Mwaka 1735 George Hadley akaongeza mzunguko wa dunia. Na mwaka 1969 J. Findlater alieleza juu ya mkondo mwembamba wa upepo wenye kasi kubwa unaopita kwenye mwambao wa Afrika ya Mashariki wakati wa kusi, kiasi cha kilomita moja na nusu hivi juu ya bahari, ukaivuka ikweta, ukapinda kuelekea kulia, ukaenda kulisha mvua za Bara Hindi. Binti alipousoma mkondo huo alitambua kuwa upepo uliokuwa ukipeperusha kanga za mama yake kwenye kamba ndio unaojaza mashamba ya mpunga ya watu ambao hawajapata kulisikia jina la Nungwi.

Lililobaki lilikuwa ni swali la ami, nalo lilikuwa na jawabu lililotolewa katika chuo hichohicho kabla yeye hajazaliwa. Edward Lorenz alisomea hisabati, akawa mtabiri wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akapata udaktari wake MIT mwaka 1948 na kubaki huko umri wake wote wa kazi. Mwaka 1961 alikuwa na kompyuta ndogo iliyoendesha hali ya hewa ya kubuni kwa milinganyo 12. Siku moja alitaka kuirudia sehemu ya hisabu, akaichapa namba kama ilivyoandikwa katika karatasi: 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hewa ya safari ya pili ilikuwa haifanani tena na ya kwanza. Mashine haikuharibika. Ndani yake namba ilikuwa 0.506127, na karatasi ilikata tarakimu tatu za mwisho. Tofauti isiyofika moja katika elfu ilitosha, baada ya miezi michache ya kubuni, kuzitenganisha hewa mbili pacha zikawa hazijuani. Aliyachapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 1963, na mwaka 1972 akatoa mhadhara uliouliza kama kipepeo akipiga mbawa Brazil anaweza kuzusha kimbunga Texas. Alifariki mwaka 2008.

Maana yake ni kuwa siku, kama ami alivyoitaka, haitajiki. Kwa kuwa hakuna kipimo kisichokata tarakimu, utabiri wa kila siku unafika mwisho wake katika wiki mbili hivi, na katika ukanda wa joto mara nyingi kabla ya hapo. Ila msimu hutajika, kwa sababu chanzo chake ni kikubwa na cha polepole: jua, bara na bahari. Hata kupotoka kwa msimu kuna dalili. Mwaka 1999 wataalamu walieleza namna maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yanavyoweza kupata joto kuliko ya mashariki, na vuli ikawa nzito. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, mvua zilipofurika Afrika ya Mashariki. Wazee walijua majira na hawakudai kuijua siku. Lorenz aliwaongezea sababu.

Hata hivyo sayansi haikuishia katika kukata tamaa. Tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vya utabiri, kikiwemo cha Ulaya, huiendesha kompyuta si mara moja bali mara nyingi, kila safari ikianzia pahala palipotofautiana kidogo na pa mwenzake. Safari zikikubaliana, mtabiri hupata imani. Zikitawanyika, hujua kuwa hewa yenyewe haijaamua. Kompyuta hamsini husafiria nyota hamsini, na mtabiri huhisabu ngapi zimefika wapi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa mitihani, habari za Kimbunga Hidaya zilimkuta huko. Vimbunga si wageni wa kawaida karibu na ikweta, ingawa Unguja haijasahau kile cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu na kuvunja vyombo. Hidaya ilikaribia pwani ya Tanzania, watu wakaonywa, safari za baharini zikasitishwa. Kisha kilipungua nguvu, na tarehe 4 kikaingilia upande wa Mafia, na mvua kubwa zikaangukia mikoa ya kusini. Nungwi ilikuwa mbali na kitovu chake.

Aliporudi likizo, kusi ikiwa imeshaingia, kaka yake mvuvi hakumkaribisha kwa maneno matamu. "Watabiri wenu," alisema, "wametuweka pwani, watoto hawana kitoweo, na hicho kimbunga hakikufika. Mimi sitakaa tena kwa maneno ya redio." Hilo ndilo lililomtisha kuliko hisabu yoyote ya Boston. Tahadhari ya Mei haikuwa uongo. Kimbunga kilikuwepo, na kilipiga pengine. Lakini tahadhari ikisikika kama ahadi, ikishindwa kutimia huhisabiwa uongo, na mtu aliyeona uongo mara moja hutoka siku ambayo si ya kutoka.

Usiku huo alitazama utabiri kwenye simu yake. Katika safari hamsini za kompyuta, kumi na tano zilionesha upepo mkali katika mkondo wa Pemba kesho yake. Kwa lugha ya darasani hiyo ni asilimia 30, na kwa kaka yake asilimia ni neno la benki. Binti akaikumbuka miongo ya Nairuzi.

"Chukua siku kumi zilizo kama kesho," alimwambia, na ami amekaa kando anasikiliza. "Saba zitapita salama. Tatu zitakuja na upepo wa kupindua dau. Kesho ni mojawapo ya hizo kumi, na hakuna mtu chini ya jua anayejua ni ipi. Mimi nimesoma miaka mitatu ili niweze kukwambia hivyo, tatu badala ya moja au tano. Zaidi ya hapo nitakuwa naongopa."

Ami alinyamaza kwa muda. "Kwa hivyo siku huwezi kuitaja," alisema.

"Siwezi, ami."

"Hata sisi tulikuwa hatuitaji. Lakini hatukujua kuwa ni tatu."

Kaka hakusema kitu. Alfajiri alitoka na dau lake, ila hakuvuka mwamba kuelekea mkondo kama ilivyo ada yake. Alitega madema ndani ya mwamba, pahala ambapo mtu anaweza kurudi kwa upondo. Upepo mkali haukuja. Jioni alipita mbele ya nyumba na tundu la samaki wachache, wadogo, akasimama mlangoni.

"Leo," alisema, "ilikuwa katika zile saba."